Siku Ziwa Lilipoacha Kutania

Siku Ziwa Lyambwe lilipoacha kutania, watu walicheka kuliko siku zote.

Tusekile Mwaipaja alikuwa amesimama mbele ya Ukuta wa Vicheko, kwenye ukumbi wa mbele wa Makumbusho ya Sayansi ya Lupando, kikombe cha chai kimempoa mkononi. Ukutani punje za mwanga wa njano zilikuwa zikimiminika kama mahindi yanayopukuchuliwa. Kila punje ilikuwa kicheko cha mtu mmoja mahali fulani nchini. Mtu alisikia maneno ya ziwa kwenye kipini chake cha sikio, akacheka, kipini kikakinasa kile kicheko na kukituma, punje ikawaka. Siku ya kawaida ziwa lilipata vicheko elfu arobaini hivi. Asubuhi ile, hata saa tatu haijagonga, vilikuwa laki tatu na bado vinakuja.

Na ziwa lilikuwa limesema nini cha kuchekesha kiasi hicho? Lilisema: "Watu wa Isyeto, tokeni bondeni leo. Nimeshiba hewa, nitacheua. Pandeni juu. Sitanii."

Laki tatu, jamani.

"Wanacheka nini hawa?" Tusekile aliuliza. Alijua vizuri sana wanacheka nini. Yeye ndiye aliyewafundisha.

Miaka minne nyuma makumbusho yale yalikuwa yamebakiza kufunga milango tu. Nani apande mlima wote ule kutazama mawe kwenye sanduku la kioo? Tusekile, ambaye kazi yake ilikuwa kuyatangaza mitandaoni, alikuwa ameshajaribu picha, mashindano, hata wali wa bure, na bado mgeni wa kawaida alikuwa mwanafunzi aliyeletwa na mwalimu kwa lazima. Ndipo akaikumbuka kamba ya shanga. Wataalamu walikuwa wameizamisha ziwani miaka mingi, kamba ya mita mia mbili yenye vipimo vidogo vya duara, kila kimoja kikisoma joto la maji na hewa ukaa iliyoyeyuka humo. Tarakimu zilikuja kila dakika na hakuna aliyezitazama isipokuwa mkurugenzi. Tusekile akaziunganisha na Kinywa, mtambo wa kugeuza tarakimu kuwa maneno, kisha akakipa Kinywa sauti na ulimi wa bibi yake.

Hapo ndipo ulipokuwa ujanja. Tangu enzi na enzi watu wa Lupando, huku juu, na watu wa Isyeto, kule bondeni, ni watani. Mtu wa juu anaweza kuingia nyumba ya mtu wa bondeni akaondoka na jogoo, na njiani akamwambia mwenye nyumba kwamba kichwa chake ni chungu kilichokosa mfinyanzi wa kukirekebisha. Mwenye nyumba akinuna, aibu ni yake. Na katika watani wote wa Lupando, hakuna aliyemfikia Bibi Syabumi kwa ulimi. Tusekile alimrekodi miezi mitatu.

Ziwa likawa mtani wa nchi nzima. Maji yakipoa lilisema, "Leo nimekuwa baridi kama chai ya mkwe asiyependwa." Hewa ikipanda lilisema, "Nimeshiba, watu wa Isyeto, nakuja kuwameza na mbuzi wenu." Watu wakafa kwa kicheko, wakasambaza, wakapanda mlima wenyewe kwa miguu yao kuja kuliona ziwa lenye mdomo mchafu. Makumbusho yakapata tuzo. Tusekile akapata ofisi yenye dirisha.

Mzaha mzaha, walisema waliotutangulia, hutumbua usaha. Utani una kanuni moja ambayo hata mtoto wa Lupando anaijua: neno la mtani haliaminiwi. Tusekile alizaliwa nayo, akaisahau miaka minne, akaikumbuka asubuhi ile mbele ya ukuta.

*

"Uwezekano ni arobaini na moja kwa mia," alisema mkurugenzi, Bwana Mwasapile, bila kuinua macho kwenye kioo chake cha tarakimu. "Ndani ya saa kumi na mbili."

"Na kamati ya maafa?"

"Hawahamishi watu ikiwa chini ya sabini kwa mia. Nimewapigia. Watakaa kikao saa tisa."

"Saa tisa!"

"Ndivyo walivyosema."

Bwana Mwasapile alikuwa mtu wa kemia, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani akikosa la kusema. Tusekile alimwomba aeleze tena, polepole, na yeye akaeleza kama anavyowaeleza wageni. Chini ya ziwa mlima bado unapumua. Hewa ukaa inaingia majini, na uzito wa maji ya juu unaibana isitoke, kama soda ndani ya chupa iliyofungwa. Ardhi ikitikisika, au kipande cha ukingo kikaporomoka baada ya mvua kama zile za wiki ile, kizibo kinafunguka. Hewa ile ni nzito kuliko tunayovuta. Haiendi juu. Inatambaa chini kama maji, haionekani, inatafuta mahali pa bonde.

Na mdomo wa ziwa umeelekea Isyeto. Watu mia sita na kumi na wawili.

King'ora cha bondeni kilikuwepo, naam. Mwaka jana kililia mara tatu bure, mara ya tatu saa ya ibada, wazee wakaenda wakakifunga blanketi. Tusekile alikuwa amewapigia simu watu kumi na saba tangu alfajiri. Kumi na saba wote walicheka. Mmoja alimwambia, "Sauti ya bibi yako tumeisikia tayari, sasa imebaki yako? Liambie ziwa lije, tumechemsha magimbi."

"Msiba," alisema Tusekile.

"Msiba wa nani?"

"Wa mtu yeyote wa huku juu. Mkurugenzi, wewe si wa hapa. Akifa mtu wa Lupando, Isyeto nzima inapanda. Watani ndio wachimba kaburi, ndio wapishi, ndio wanaoliteka jeneza hadi wapewe jogoo. Wanabeba wagonjwa, wanabeba vichanga. Anayebaki nyumbani hana uso wa kuonyesha tena."

Bwana Mwasapile alivua miwani. "Unataka makumbusho ya sayansi yatangaze maiti ya uongo?"

"Si makumbusho. Mimi."

"Arobaini na moja, Tusekile. Maana yake hamsini na tisa kwamba hakuna kitakachotokea. Watapanda, watakuta hakuna maiti. Mwakani tukiona tisini, nani atapanda? Na siku mtu akifa kweli huku, nani atakuja kumzika? Sisi hapa tuna kazi moja tu, kusema kilicho kweli."

"Tumekisema kilicho kweli. Nenda kautazame ukuta."

Mzee wa watu akafuta kioo cha kulia, akafuta cha kushoto, akarudia cha kulia. Nje mvua ilikuwa imekatika na jua limeanza kutoka, siku nzuri kabisa, siku ya kuanika nguo.

"Sikusikia ulichosema," alisema hatimaye. "Na sikukukataza."

Tusekile alitamani kumzaba kofi. Maana alikuwa amemwachia mzigo wote kichwani, na kata ya kuuwekea hakumpa.

*

Bibi Syabumi alikuwa jikoni akimenya ndizi, miguu ameinyoosha mbele. Alimsikiliza mjukuu wake hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa la kawaida, kisha akatema mate pembeni.

"Uchuro!" alisema. "Mtu mzima kuliliwa yuko hai! Unakiita kifo kwa jina, na nyumba unakielekeza!"

"Najua, Bibi."

"Hujui. Ungejua usingekuja na mdomo huo." Akamenya ndizi nyingine. "Wale watoto wa Mama Nsajigwa wapo bondeni? Wale pacha?"

"Wapo."

"Na shule?"

"Leo Jumamosi. Wote wapo nyumbani."

Bibi akaweka kisu chini. Tusekile akawaza dakika zinavyokwenda.

"Haya, mke mwenzangu," alisema Bibi. "Nife saa ngapi?"

"Sasa hivi, Bibi."

"Niache kwanza nivae kitenge cha maana. Sitaki kufa na hiki chenye doa la mawese." Akajiinua kwa mikono miwili, akasimama, kisha akageuka. "Na Ambege nani atamwambia?"

Mzee Ambege Mwakyoma wa Isyeto alikuwa mtani wake wa miaka sitini. Walianza kutukanana wakiwa vijana kisimani, wakaendelea kwenye harusi zao, wakatukanana juu ya makaburi ya wenzi wao hadi waombolezaji wakasahau kulia. Ambege alikuwa amemzidi miaka miwili, na miaka sitini hiyo alikuwa anamdai kitu kimoja: amwamkie kama mdogo anavyomwamkia mkubwa. Na miaka sitini hiyo Bibi alikuwa anamjibu vilevile: "Nikuamkie wewe? Siku nikikupa shikamoo, ujue dunia imekwisha."

Tusekile alilipenda sana hilo neno. Wakati wa kurekodi alitaka kulitia kwenye Kinywa, akaona kabisa vicheko vitakavyomiminika. Bibi alikataa katakata. "Hilo si la ukuta wenu," alisema. "Hilo ni la Ambege."

*

Tangazo aliliandika kwa jina lake mwenyewe kwenye kundi la watu wa bondeni, maneno mafupi ya msiba kama yanavyoandikwa siku zote, kisha akaenda kuvuta kengele ya kanisa. Kamba ilimponyoka mara mbili. Ukweli alikuwa ameutangaza kwa sauti ya bibi yake, wakacheka. Uongo aliuandika kwa vidole vyake, na kabla kengele haijanyamaza aliwaona chini kabisa, watu wakitoka majumbani, vitenge vikifungwa viunoni, majembe begani.

Walichukua saa moja na nusu kupanda. Tusekile alisimama kwenye kona ya njia akihesabu vichwa, akipoteza hesabu, akianza upya. Kila aliyefika alimshika mkono akamwambia pole, na kila pole ilimchoma. Mtu mmoja tayari alikuwa amebeba sufuria ya jikoni kwa Bibi na kukimbia nayo, watu wakicheka na kulia kwa pamoja, kama inavyotakiwa. Chumbani Bibi alikuwa amelala kitandani, kitenge usoni, mlango umefungwa. Tusekile alikuwa amesema mwili haujaoshwa.

Saa sita na dakika ishirini alifika Mama Nsajigwa, mwenyekiti wa kijiji cha Isyeto, pacha wake mmoja mgongoni na mwingine mkononi.

"Wamepanda wote, Mwenyekiti?"

"Wote, mwanangu. Hata yule mzazi wa juzi tumembeba kwenye machela." Akajipangusa jasho. "Isipokuwa Mzee Ambege."

"Kwa nini?"

"Amegoma. Amesema, nikuambie kama alivyosema, maana ni utani: 'Yule mwanamke mwenye miguu ya kongoro angekufa, angenitukana kwanza. Hawezi kuondoka bila kunitukana. Huo ni uongo. Mimi siji, nina makande jikoni.'"

Ndani ya chumba kitu kilianguka. Mlango ukafunguka kwa kishindo na marehemu akatoka, kitenge cha maana kikimburuzika nyuma.

"Mpumbavu yule!" alipiga kelele Bibi Syabumi. "Mpumbavu mwenye akili!"

Sina haja ya kukueleza yaliyotokea uwanjani. Wako waliokimbia, wako waliopiga magoti, na mama mmoja alizirai kabisa. Kisha mshtuko ukaisha, hasira ikaja. Tusekile alipanda juu ya kinu akaeleza yote, ziwa, shanga, arobaini na moja, lakini maneno yake yalipita juu ya vichwa.

"Mmetufanya wajinga!" alisema kijana mmoja mwenye jembe. "Utani wa msiba huanza maiti akiwepo! Huu si utani, huu ni ushenzi!"

"Turudini," alisema mwingine. "Nimeacha ng'ombe hawajanywa maji."

Na wakaanza kugeuka. Kwa macho yake Tusekile aliwaona watu kumi, ishirini, wakiokota majembe na kuelekea njia ya bondeni. Akamshika mmoja shati, shati likachanika.

"Nipe simu," alisema Bibi. "Ipaze sauti, wasikie."

Simu iliita mara nne.

"Naam, marehemu," ilijibu sauti ya Mzee Ambege, na uwanja mzima ukasikia kijiko kikigonga sufuria. "Huko mbinguni chakula vipi?"

"Ambege, toka bondeni. Panda sasa hivi."

"Nilijua! Nilisema mimi! Mtu hafi akiwa na deni la matusi!"

"Ambege, leo sitanii."

Alicheka mpaka akakohoa. "Hivyo ndivyo ulivyosema uliponiuzia mbuzi tasa."

Tusekile alikuwa karibu na Bibi kiasi cha kuona midomo yake ikijaribu neno na kulirudisha. Kisha yule mwanamke, ambaye hajawahi kumstahi mtu wa Isyeto tangu azaliwe, alipiga goti moja chini kwenye tope, ingawa aliyepigiwa hakuweza kumwona.

"Shikamoo, kaka Ambege," alisema.

Hakuna aliyesogea. Waliokuwa wameshaanza kushuka walisimama walipokuwa. Hata pacha mgongoni aliacha kulia. Kwenye simu kijiko kilikuwa kimenyamaza.

"Marahaba," alijibu Mzee Ambege, kwa sauti ambayo watu wake hawakuijua. "Kumbe ni kweli, Syabumi."

"Ni kweli, kaka yangu. Panda. Goti lako lile bovu likoje?"

"Goti ni goti. Nachukua fimbo."

*

Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu aliyeshiba anayecheua, ukatoka ziwani, ukapita chini ya miguu yao. Ukungu mweupe ulimwagika juu ya mdomo wa ziwa, ukateremka upande wa Isyeto, ukatawanyika, na baada ya hapo hapakuwa na cha kuona. Bwana Mwasapile alikuja mbio na kioo chake mkononi, miwani hana. "Asishuke mtu!" alikuwa anapiga kelele. "Imefika njia ya chini! Asishuke mtu!"

Moshi wa majiko kule bondeni, ule wa sufuria walizoziacha motoni, ulikatika mmoja baada ya mwingine.

Vijana wanne walikwisha kutupa majembe ili wakamchukue mzee wao. Bwana Mwasapile alijilaza njiani, kweli kabisa, mkurugenzi mzima akajilaza kwenye tope mbele yao. "Anayeshuka harudi," alisema. "Nawaomba. Harudi." Tusekile naye alikuwa ameanza kukimbia, hakujua, ila alishtukia Mama Nsajigwa amemkumbatia kwa nyuma, na kifua cha yule mama kinapanda na kushuka kwa kilio.

"Umefika wapi?" Bibi aliuliza kwenye simu.

"Penye mti ulioanguka." Pumzi zilikuwa zinamkata. "Kuna... kuku wamelala njiani."

"Usiwatazame kuku. Kuku kitu gani? Panda, wewe mzee mwenye masikio ya popo. Unapanda kama konokono aliyekula ugali."

"Konokono... ni baba yako."

"Baba yangu angekuwa ameshafika! Panda! Mkeo alikuvumilia vipi? Alikuwa mtakatifu yule, na wewe ukamzika na kanga ya kuazima!"

Kicheko kidogo. Fimbo ikigonga jiwe. Gonga, kimya, gonga.

Bibi alimtukana. Alimtukana pua, alimtukana shamba, alimtukana siku aliyoanguka kutoka kwenye punda wa mchungaji. Alimtukana kwa matusi ya miaka sitini bila kurudia hata moja, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na watu mia sita wa Isyeto walisimama wakisikiliza mtu wao akivutwa mlimani kwa maneno. Gonga. Kimya kirefu. Gonga.

Kisha simu ikatoa sauti ya kitu laini kikikaa chini.

"Ambege. Inuka. Umekalia nini, umekalia mayai?"

Kimya.

"Nitukane basi," alisema Bibi. "Ambege. Hata kidogo. Nitukane."

Alisubiri. Walisubiri wote. Saa saba na nusu Bwana Mwasapile alitazama kioo chake, akamtazama Tusekile, akatikisa kichwa.

Bibi Syabumi alimrudishia mjukuu wake simu. Aliinama akakiokota kitenge chake cha maana kilichokuwa kimekanyagwa matopeni, akakikung'uta, akajifunga kichwani kama anavyojifunga mfiwa. Watu wa bondeni walikuwa wanamtazama, na yeye akawatazama mmoja mmoja.

"Mliitwa msibani," aliwaambia. "Kaeni. Msiba upo."

*

Ukumbi wa makumbusho ulikuwa mtupu Tusekile alipoingia. Alikizima Kinywa kwanza. Kisha akakaa mbele ya kipaza sauti, akasema kwa sauti yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, maneno yatakayokwenda kwenye masikio ya nchi nzima kwa njia ileile ya ziwa: kwamba Mzee Ambege Mwakyoma wa Isyeto amefariki leo mchana, kwamba Ziwa Lyambwe limetoa hewa kama lilivyosema, kwamba msiba uko Lupando. Akatuma.

Ukuta ulikaa giza kwa muda wa pumzi tatu. Aliomba ubaki hivyo hivyo.

Punje ya kwanza ikawaka, ya njano, juu kushoto, na kipini kikamletea sikioni kicheko cha mtu wa mbali, aliyefurahi kabisa. Kisha ya pili. Kisha zikaanza kumiminika.